Hatia ya Kamanda: Jenerali Imamura na Kibanda cha Mikeka Mitatu

Imamura Hitoshi, jenerali wa jeshi la nchi kavu la Japani, alimaliza kifungo chake Novemba 1954. Alitoka katika gereza la Sugamo mjini Tokyo akiwa na umri wa miaka 68, akarudi kwake Setagaya, na humo bustanini akahamia katika kibanda cha mikeka mitatu. Wajapani hupima chumba kwa mikeka ya tatami inayotandikwa sakafuni, na mikeka mitatu ni kama mita tano za mraba: mtu atalala, atakaa kitako asome, na nafasi imekwisha. Kibanda kilifananishwa na seli. Hakuna mahakama iliyomwamuru kukaa humo, wala askari magereza aliyesimama mlangoni. Jenerali alijifunga mwenyewe, na hakukiacha kifungo hicho mpaka alipokufa miaka 14 baadaye.

Kitendo hicho kinafufua swali ambalo dini na falsafa zimelihangaikia tangu zamani. Mtu aliyekuwa juu ya wengine, nao wakatenda maovu chini ya bendera yake, anadaiwa nini, na mdai wake ni nani? Kiswahili kina maneno matatu yanayosaidia kulifumua swali hili. Hatia ni doa la mtenda kosa. Dhamana ni mzigo wa aliyekabidhiwa watu, awe ametenda au hakutenda. Toba ni njia ya kurudi. Kamanda hubeba dhamana kwa sababu ya cheo chake, na hilo halina ubishi. Ubishi uko kwenye hatia: kama nayo inapanda kutoka kwa askari hadi kwa mkubwa wake, na kama toba ya mkubwa huyo inaweza kumfikia aliyeumizwa. Maisha ya Imamura yanaliweka jambo hilo wazi kuliko maisha ya majenerali wengi wa kizazi chake.

Alizaliwa tarehe 28 Juni 1886 mjini Sendai, kaskazini mwa kisiwa cha Honshu, mtoto wa hakimu. Baba alipofariki, familia haikuwa na uwezo wa kumsomesha zaidi, na kijana akaelekea chuo cha maofisa wa jeshi, ambako serikali ndiyo iliyobeba gharama. Alihitimu 1907. Mwaka 1915 alimaliza Chuo cha Vita akiwa wa kwanza katika kundi lake, kundi lililokuwa na Tojo Hideki na Homma Masaharu. Watu hao watatu walisoma pamoja na wote walifika ngazi za juu kabisa. Tojo, aliyekuwa waziri mkuu wakati wa vita, alinyongwa 23 Desemba 1948. Homma alipigwa risasi Ufilipino 3 Aprili 1946 kwa sababu ya mateka waliokufa katika msafara wa mauti wa Bataan. Imamura peke yake alifikia uzee.

Si kwamba alikaa mbali na vita vya nchi yake. Alihudumu makao makuu ya jeshi Tokyo wakati Japani ilipoivamia Manchuria 1931, akawa naibu mkuu wa utumishi wa Jeshi la Kwantung huko huko Manchuria, na kuanzia 1938 aliiongoza Divisheni ya 5 kusini mwa China katika mapigano makali ya mkoa wa Guangxi. Wanaomsifu kwa upole wake wakati mwingine huanza hadithi yake mwaka 1942, kana kwamba miaka ya China haikuwapo. Ilikuwapo, na ni vita ambavyo Japani iliwapelekea Wachina ndani ya nchi yao wenyewe.

Jambo moja la kipindi hicho lina uzito wa pekee. Januari 1941 jeshi la Japani lilitoa mwongozo wa askari wa vitani uitwao Senjinkun, kwa jina la Tojo aliyekuwa waziri wa jeshi. Mwongozo ulitayarishwa katika idara kuu ya mafunzo, ambayo wakati huo Imamura alikuwa na madaraka makubwa ndani yake. Ulimfundisha askari asivumilie aibu ya kukamatwa akiwa hai. Fundisho hilo liliua kwa njia mbili. Liliwaua Wajapani wenyewe, waliojilipua au kukimbilia risasi wakati vita vilikuwa vimekwisha kushindwa. Pia lilitia dharau mioyoni mwao juu ya kila adui aliyeinua mikono, kwa maana askari aliyefunzwa kwamba mateka hana heshima atamtendeaje mateka aliye mkononi mwake? Askari wa Afrika Mashariki waliopigana Burma mwaka 1944, katika Divisheni ya 11, walikabiliana na jeshi lililolelewa kwa fundisho hilo hilo.

Mwishoni mwa 1941 Imamura alipewa Jeshi la 16 na kazi ya kuiteka Java, kitovu cha makoloni ya Uholanzi Asia. Usiku wa kuamkia 1 Machi 1942 meli aliyokuwamo ilipigwa na topido katika ghuba ya Banten. Jenerali alitumbukia baharini, akaelea kwa saa kadhaa katika maji yaliyotanda mafuta, na alipofika ufukoni alikuwa mweusi tititi, amevuliwa kila alama ya cheo. Uchunguzi ulionyesha baadaye kwamba topido hizo zilitoka kwa manowari za Japani yenyewe. Wanamaji walikuja kuomba radhi, naye akaridhika lawama ibaki kwa manowari ya Marekani iliyozamishwa usiku ule ule. Siku nane tu baada ya kushuka, Waholanzi walisalimu amri huko Kalijati.

Utawala wake Java ulidumu miezi minane. Maofisa wenzake walitaka mkono wa chuma, kama ule ulioonekana Singapore, ambako maelfu ya Wachina waliuawa muda mfupi baada ya mji kutekwa. Imamura alikataa. Alizuia uporaji, alitaka wenyeji wasisumbuliwe bila sababu, na aliwasikiliza viongozi wa Indonesia. Sukarno, aliyerejea Jakarta Julai 1942 baada ya uhamisho aliowekewa na Waholanzi, alikutana naye akakubali kushirikiana. Wakubwa walitoka Tokyo kuja kumkosoa kwa ulegevu, na hakubadili msimamo. Hayo ni ya kweli na yanastahili kuandikwa. Yaandikwe pia mengine. Machi 1942, katika njia ya mlimani ya Ciater, askari wa Jeshi la 16 waliwaua wanajeshi wa upande wa Waholanzi waliokuwa wamekwisha kusalimu amri. Raia wa Kizungu walianza kuswagwa makambini. Na mfumo wa kuwatumikisha Wajava kwa nguvu, uliokuja kuua watu wengi mno chini ya waliomfuata, ulijengwa juu ya utawala alioufungua yeye.

Novemba 1942 alihamishiwa Rabaul, katika kisiwa cha New Britain, kuongoza Jeshi la Eneo la 8. Alikuta vita vya kisiwa cha Guadalcanal vikiwa vimeharibika, askari wakifa zaidi kwa njaa na malaria kuliko kwa risasi, na mapema 1943 waliobaki waliondolewa kwa meli usiku. Tangu hapo njaa ndiyo iliyotawala fikra zake. Mwaka 1943 alipandishwa kuwa jenerali kamili, na huo ndio mwaka ambao majeshi ya Marekani na Australia yalianza kuizingira Rabaul na kuipita pembeni, yakiiacha inyauke yenyewe. Imamura alijibu kwa jembe. Askari walifyeka msitu, wakalima viazi vitamu, mihogo na mboga, wakafuga kuku. Wakachimba mahandaki ndani ya udongo wa majivu ya volkano, yenye maghala, karakana na hospitali chini ya ardhi. Jenerali mwenyewe alionekana shambani na jembe mkononi. Jeshi lililokatiwa bahari na anga lilijilisha hadi mwisho wa vita, wakati ng'ambo ya pili, Guinea Mpya, zaidi ya wanajeshi 100,000 wa Jeshi la 18 chini ya Luteni Jenerali Adachi Hatazo waliangamia, wengi wao kwa njaa na maradhi.

Kazi hiyo yote ilihitaji mikono, na mikono mingine haikuwa ya Wajapani. Maelfu ya askari wa Kihindi waliotekwa Malaya na Singapore wakipigana upande wa Uingereza, pamoja na Wachina waliotekwa katika vita vya China, walisafirishwa hadi Rabaul kwenda kuchimba, kubeba na kulima. Walipigwa, wakanyimwa chakula na dawa, na wengine waliuawa. Wanawake pia, hasa kutoka Korea, waliletwa na kuwekwa katika nyumba za kuwatumikia askari kingono. Simulizi ya mashamba ya Rabaul, ambayo wasomaji wa Japani waliipenda sana, ina upande huu, na bila huo jambo lenyewe haliwezi kupimwa kwa haki.

Tarehe 6 Septemba 1945, juu ya manowari ya Uingereza iitwayo Glory, Imamura alitia saini kusalimu amri mbele ya Luteni Jenerali Vernon Sturdee wa Australia, kwa niaba ya wanajeshi wapatao 139,000 waliotawanyika New Britain, Guinea Mpya na visiwa vya Solomon. Aliyekuwa na sehemu katika kufundisha kwamba askari asikamatwe hai ndiye sasa aliyewaongoza wengi hivyo kukabidhi silaha zao. Aliwataka wavumilie, wafanye kazi, warudi kujenga nchi.

Kesi za uhalifu wa kivita zilianza Rabaul muda mfupi baadaye. Hakuna mahali pengine ambapo Australia iliendesha kesi nyingi za aina hiyo. Wadogo walitangulia kizimbani: sajini, koplo, walinzi wa makambi. Aprili 1946 Imamura aliwaandikia wakubwa wa Australia akiomba kesi yake iharakishwe, kwa hoja kwamba yeye ndiye mwenye dhamana, na kesi yake ikimalizika mapema za walio chini yake zitakwenda haraka. Mwaka huo huo alijaribu kujiua kwa sumu, asifanikiwe. Mei 1947 alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Shtaka lilisema kwamba alipuuza wajibu wake wa kuwadhibiti walio chini ya amri yake, hata wakatenda ukatili. Alihukumiwa miaka kumi.

Msingi wa shtaka hilo ulikuwa mpya na haujatulia hata leo. Uliwekwa na kesi ya Jenerali Yamashita Tomoyuki, kamanda wa Japani Ufilipino. Mwanzoni mwa 1945 askari na wanamaji wa Japani waliwaua raia kwa maelfu mjini Manila. Yamashita alikuwa milimani, mawasiliano yamekatika, na waendesha mashtaka hawakuonyesha amri yake wala kwamba alijua. Tume ya kijeshi ilimhukumu kifo Desemba 1945 kwa kushindwa kuwadhibiti watu wake. Mahakama Kuu ya Marekani iliikataa rufaa 4 Februari 1946, majaji wawili, Frank Murphy na Wiley Rutledge, wakipinga vikali, na siku 19 baadaye Yamashita akanyongwa. Hoja ya Murphy ilikuwa nzito: mshindi alikuwa ameyavunjavunja mawasiliano ya jeshi la adui, kisha akamshtaki kamanda kwa kushindwa kuwasiliana nalo.

Kanuni hiyo ilisafiri hadi Afrika Mashariki. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoketi Arusha, iliiweka katika kifungu cha 6 cha sheria yake: mkubwa huwajibika ikiwa alijua, au alikuwa na sababu ya kujua, kwamba walio chini yake wanatenda uhalifu, naye asizuie wala asiadhibu. Maneno ya "alikuwa na sababu ya kujua" yamekusudiwa kuziba ufa wa kesi ya Yamashita. Hayakuuziba wote. Jean-Pierre Bemba wa Kongo alitiwa hatiani 2016 na mahakama ya The Hague kwa yaliyotendwa na wapiganaji wake katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, akapewa miaka 18, kisha 2018 jopo la rufaa likamwachia, likisema hukumu haikupima ipasavyo hatua alizochukua kamanda aliye mbali na uwanja wa vita. Wanasheria waliosoma vitabu vile vile walifika sehemu mbili tofauti, na wanawake waliobakwa Bangui walibaki bila mtu wa kuwajibika.

Sheria basi inaweza kumwambia kamanda kama atafungwa. Haiwezi kumwambia kama ana doa. Mwanafalsafa wa Ujerumani Karl Jaspers aliliona hilo mapema. Katika mihadhara yake ya Heidelberg, iliyochapishwa 1946, aligawa hatia katika aina nne, kila moja na hakimu wake. Hatia ya jinai huamuliwa na mahakama. Hatia ya kisiasa, inayowagusa raia wote wa dola iliyotenda uovu, huamuliwa na matokeo ya vita na matakwa ya mshindi. Hatia ya kimaadili hupimwa na dhamiri ya mtu na wale walio karibu naye kwa upendo. Ya nne aliiita ya kimetafizikia: doa la kuwa hai pale ambapo binadamu mwenzako aliangamizwa, hata kama hukuwa na uwezo wa kumwokoa. Hakimu wa hatia hii ni Mungu peke yake.

Japani ya 1945 ilijaribu kuzichanganya aina hizo kwa namna iliyomnusuru kila mtu. Waziri Mkuu Higashikuni, wiki chache baada ya vita kukoma, alitoa wito wa toba ya watu wote milioni 100. Wito ulisikika mtukufu, na madhara yake yalikuwa makubwa: mjane aliyepoteza wana vitani akawekwa kwenye mzani mmoja na waziri aliyevianzisha. Hatia ikigawiwa sawa kwa wote hakuna anayeuhisi uzito wake. Mwanazuoni Maruyama Masao, aliyechunguza maneno ya viongozi walioshtakiwa Tokyo, aliona utawala mzima uliokuwa umejengwa juu ya kutowajibika. Kila mmoja alisema mambo yalimfikia yakiwa yamekwisha kuamuliwa, au kwamba ofisi yake haikuruhusu kupinga.

Wengine walijibu kwa kisu. Jenerali Anami Korechika, waziri wa jeshi, alijipasua tumbo alfajiri ya 15 Agosti 1945. Adachi, yule aliyepoteza jeshi lake Guinea Mpya, alihukumiwa kifungo cha maisha huko Rabaul, na 10 Septemba 1947 alijiua kwa kisu kidogo cha kumenyea matunda, akiacha waraka unaosema hakuona haki ya kurudi nyumbani wakati watu wake wamebaki porini. Ni vigumu kusoma habari za Adachi bila kuguswa. Hata hivyo kifo cha namna hiyo hufunga mjadala upande mmoja: mkosaji ameondoka, na waliobaki hawana wa kumuuliza.

Imamura, baada ya kushindwa kufa, aliifuata njia ya kuishi, na hapo ndipo ukubwa wake ulipo. Waholanzi walimchukua Java wamshtaki kwa ya mwaka 1942, wakamwachia huru mwishoni mwa 1949. Aliporudishwa Japani mapema 1950 kumalizia kifungo cha Australia, alipangiwa Sugamo, Tokyo, karibu na familia. Akaomba apelekwe Manus, kisiwa cha joto kali karibu na ikweta kaskazini mwa Guinea Mpya, kwa sababu ndiko walikofungwa askari wake. Ombi likakubaliwa. Mzee wa zaidi ya miaka 60 alipanda meli kwa hiari kurudi gerezani katika nchi za tropiki, akakaa na watu wake hadi Manus ilipofungwa 1953 na wote wakarejeshwa. Maruyama alikuwa ameeleza uongozi usio na mwenyewe. Hapa palikuwa na mtu aliyesema, mwenye mzigo ni mimi, na akalipa kwa siku za maisha yake. Tsunoda Fusako, aliyeandika habari zake, alikipa kitabu jina kuu la neno moja, "Sekinin", yaani wajibu wa kubeba dhamana.

Ndani ya kibanda cha Setagaya aliandika kumbukumbu zake, na mapato ya vitabu akayapeleka kwa familia za Wajapani walionyongwa au kupigwa risasi baada ya kesi za vita. Inasimuliwa kwamba askari wa zamani walikuja kuomba msaada, baadhi wakiwa waongo, naye akawapa hata alipojua anadanganywa, kwa kuwa ndiye aliyewahi kuwapeleka kwenye kifo.

Imamura alikuwa msomaji wa Biblia na wa Tannisho, kijitabu cha karne ya 13 kilichohifadhi mafundisho ya Shinran, mwanzilishi wa madhehebu ya Kibudha ya Ardhi Safi ya Kweli. Mafundisho hayo yanakwenda kinyume na hesabu ya kawaida ya mema na mabaya. Shinran alifundisha kwamba mtu mwovu, anayejijua kuwa hana kitu, yuko karibu na wokovu wa Buddha Amida kuliko mwema anayetegemea wema wake. Mwema huegemea nguvu zake mwenyewe. Mwovu hana pa kuegemea isipokuwa rehema. Mwishoni mwa vita, mwanafalsafa Tanabe Hajime wa Kyoto, aliyekuwa na wanafunzi waliopelekwa vitani huku yeye akishindwa kusema waziwazi, alichota katika kisima hicho hicho. Kitabu chake cha 1946 kinaijenga falsafa nzima juu ya toba. Kwa Tanabe, toba ya kweli humvunja anayetubu, ikamwondolea hata haki ya kuwa msimamizi wa toba yake.

Mafundisho hayo yanakiuliza kibanda swali gumu. Aliyejipimia adhabu mwenyewe, akachagua ukubwa wa seli na urefu wa kifungo, amejifanya mshtakiwa na hakimu kwa pamoja. Mfuasi wa Shinran angeweza kusema kwamba bado ameegemea nguvu zake. Pengine jibu ni kwamba Imamura hakudai kuwa kibanda kinamtakasa. Alikaa humo kama mlinzi akaavyo zamu, si kama mtu anayesubiri kuachiliwa.

Swali gumu zaidi linatoka kwingine, na msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki atalitambua upesi, kwa maana hufundishwa madrasa tangu utotoni. Masheikh hueleza kwamba toba ina masharti: kuliacha kosa, kulijutia, na kuazimia kutolirudia. Hayo yanatosha pale deni likiwa kati ya mja na Mola wake. Dhambi ikiwa imegusa haki za waja, sharti la nne huingia: mwenye haki arudishiwe haki yake au aombwe radhi. Mwenyezi Mungu husamehe haki yake. Ya mja humwachia mja mwenyewe. Mathayo 5 inafundisha jambo lililo jirani na hilo, pale anayeleta sadaka anapoagizwa aiache madhabahuni, akapatane kwanza na ndugu aliyemkosea.

Kwa kipimo hicho, toba ya kibanda ina upande mmoja mzima na mwingine mtupu. Askari wake, wajane wao na yatima wao walipata kila alichokuwa nacho. Kulisha mtoto wa aliyenyongwa ni wema usio na doa, kwani mtoto hakumpiga mtu. Wahindi na Wachina wa Rabaul, ambao kwa sababu yao mahakama ilimtia hatiani, hawamo katika hesabu ya kibanda. Mahakamani utetezi wa Wajapani, na wake pia, ulishikilia kwamba watu hao hawakuwa mateka wa vita bali wasaidizi wa jeshi, hivyo sheria ya mateka haikuwahusu. Mahakama ilikataa hoja hiyo. Mtu aliyetekwa Singapore, akashindiliwa ndani ya meli hadi kisiwa asichokijua, akachimba mahandaki kwa kiboko, anaitwaje msaidizi? Neno hilo liliwanyima hata jina la dhuluma waliyotendewa.

Ndiyo maana sifa anayopewa Imamura inafaa igawanywe, kama Jaspers alivyoigawanya hatia. Katika dhamana, yaani uaminifu wa kiongozi kwa wale aliowaongoza, ni wachache sana wa zama zake wanaosimama naye, na jeshi lolote, la Afrika likiwemo, lingeneemeka kwa kuwa na majenerali wa namna hiyo. Katika hatia kwa walioumizwa, hakufika alikopaswa kufika. Aliwatazama walio chini yake kwa huruma ya baba. Waliokuwa chini ya walio chini yake, waliobeba mizigo na kuchapwa, walibaki nje ya macho yake, na hilo halielezeki kwa uovu wa moyo. Linaelezwa na jeshi na dola vilivyomlea, ambavyo viliupima utu wa mtu kwa kundi lake. Moyo mzuri uliofungiwa ndani ya kundi lake huweza kujuta maisha mazima na bado usimwone yule aliyedhulumiwa.

Imamura Hitoshi alifariki tarehe 4 Oktoba 1968, akiwa na miaka 82. Askari wa Kihindi waliokufa wakiwa mateka New Britain wanakumbukwa katika makaburi ya vita ya Bita Paka, kisiwani humo.